Dawa Moja ya Bi Povu

Asubuhi ile fundi viatu alipotoka uani kupiga mswaki, alikuta vitambaa vya mkewe vimekwisha kuanikwa. Maji yalichuruzika, na jua halijachomoza.

"Umeamka na majogoo leo," alisema.

"Majogoo ndio walioamka na mimi. Chai iko mezani. Kunywa, usije ukawafokea wateja kwa njaa."

Alikunywa. Mkewe akamfunga kifungo cha juu, akasema kola imeanza kuchakaa, ataigeuza Jumapili. Wakaagana mlangoni. Hawakupata tena asubuhi ya kawaida.

Mkewe alikuwa dobi katika nyumba ya wageni. Wenzake walimwita Bi Povu. Shuka ikimfikia na chai, kutu au mafuta, hakubahatisha. Aliinusa, akaigusa kwa kidole, ndipo akachagua dawa. "Mjue kwanza ni nani, halafu umfukuze," aliwaambia wasichana wapya. "Ukimwagia kila doa dawa moja, utaua shuka na doa libaki linakucheka."

Mwilini mwake alifanya kinyume. Fundi aliyajua haya baadaye, binti yao alipomweleza aliyosimuliwa na mama yake.

Mwanzo Bi Povu aliwashwa ukeni, akatokwa na ute mzito mweupe kama maziwa mgando. Mpiga pasi mwenzake akamnong'oneza vidonge vya fangasi, vya kuweka ndani. Kweli vilimponya, na hapo ndipo alipoponzeka. Mambo yaliporudi, hayakuwa yaleyale. Ute ulikuwa mwepesi, wa kijivujivu, wenye harufu kama ya samaki. Akaenda duka la dawa.

"Nipe vilevile."

"Kunawasha, mama?" aliuliza muuza dawa.

"Hakuwashi. Harufu tu," alinong'ona. Nyuma yake wanaume walikuwa wamepanga foleni.

"Basi huenda si fangasi. Harufu ina dawa yake nyingine. Nenda kituo cha afya wakupime kwanza."

"Nimekuja kununua, baba, sikuja kuhojiwa."

Akauziwa. Harufu haikuondoka. Akajiosha ndani kwa sabuni, ikazidi. "Ongeza dozi, shoga," mpiga pasi akamwambia. "Huyo ni fangasi sugu."

Kisha ikaja damu. Hedhi yake ilikuwa imekatika miaka mingi nyuma. Hakumwambia mtu. Na dobi gani atashindwa kuficha damu? Maji baridi, chumvi, kusugua, na kuanika kabla watu hawajaamka. Ugonjwa ulikula na kulala nao nyumba moja, na fundi hakuuona. Alipomwona mkewe ameshika kiuno, aliambiwa ni kuinama kwenye beseni.

Mchana wa siku ile ya kola, wenzake Bi Povu walimfuata fundi kibandani kwake, sindano bado iko mkononi. Bi Povu ameanguka kazini.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alisema, "Panda kitandani, mama, tukutazame."

"Niandikie dawa tu, mwanangu. Ni fangasi."

"Umewahi kutazamwa ndani kwa kifaa?"

"Na nani? Mume wangu huyu haoni hata tundu la sindano."

Muuguzi alicheka kidogo, halafu akaacha. "Damu kwa mtu wa umri wako hatuiiti fangasi mpaka tumeona."

Bi Povu akamtazama mumewe.

"Panda, mama watoto," fundi alisema.

Akapanda. Pazia likavutwa. Fundi alisikia chuma kikigonga sinia. Muuguzi akatoka bila kumtazama, akarudi na daktari. Walinong'ona. Kitu kilikuwa kimeota kwenye mlango wa kizazi. Wakakata kipande kikapimwe. Majibu yaliporudi, daktari alivuta kiti akaketi kwanza, na fundi akajua. Ilikuwa saratani, na ilishasambaa. Kukata hakutasaidia tena. Zilibaki dawa za maumivu.

Nyumbani walifungua madirisha yote ili harufu ya ugonjwa itoke, haikusaidia kitu. Fundi alifua vitambaa yeye mwenyewe, na madoa yalibaki. Binti yao akahamia kumuuguza mama. Siku moja mama alimwona anatoa pakiti mkobani.

"Nini hicho?"

"Vidonge tu, mama. Nawashwa. Mpiga pasi kanielekeza."

"Kunawasha tu?"

Binti alimtupia baba yake jicho. Fundi akainamia beseni, akajifanya hasikii.

"Na harufu kidogo," binti alisema.

Bi Povu alinyoosha mkono uliobaki mifupa, akamnyang'anya ile pakiti, akailalia. Alipumzika kidogo ili apate pumzi. Kisha akasema, na fundi alisikia kila neno:

"Kesho kapande kitanda cha kituoni, uvue, wakutazame. Ukishikwa na haya, kumbuka harufu ya chumba hiki."