Tuliambiwa Tuvute Pumzi

Hasira yangu ilianza siku tuliyofundishwa kupumua.

Nilikuwa muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali moja huku kwenye uwanda wa Makonde. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na wakulima waliovuta dawa waliletwa mfululizo, mbali na majeruhi wa bodaboda wa barabara ya Masasi. Mwenzetu mmoja alikuwa amehamishwa, nafasi yake ikabaki wazi. Mchana tukabaki wawili: mimi na mama mtu mzima wa Chiwata, aliyenifundisha kazi.

Nilimwona akibadilika. Chai ilipoa mbele yake bila kuguswa. Mgonjwa akimwita, alishtuka kama aliyerushiwa jiwe.

Uongozi ulijua tumechoka. Badala ya kuongeza mtu, ukaleta mtaalamu kutoka mjini atufundishe kukabiliana na msongo. Matroni, mkuu wa wauguzi, akaniita ukumbini, mama akaachwa peke yake.

Mtaalamu alituambia tufumbe macho, tuvute pumzi taratibu, na tunywe maji ya kutosha. Maji! Bomba la chumba chetu lilikuwa limekauka siku nyingi. Tulinawa kwa kopo kutoka kwenye ndoo. Nikiwa nimefumba macho hivyo, nikasikia mwanamke akilia upande wa dharura. Nikasimama. Matroni akanionyesha kwa mkono niketi. Nikatoka.

Mkulima wa Chilangala alikuwa chini sakafuni, povu likimtoka. Mama alikuwa amepiga magoti, amemlaza ubavu, anamsafisha kinywa. Mke wa mgonjwa alikuwa nyuma yake, anampiga ngumi mgongoni, anauliza kwa nini hospitali nzima haina watu. Mama hakugeuka hata kujikinga. Nilimwondoa yule mke, tukamvua mgonjwa nguo zenye dawa, tukamwosha kwa maji ya ile ndoo, daktari akaja na sindano. Baada ya muda pumzi yake ikatulia.

Ndipo mama akatoka nje, akaketi kwenye ngazi, asiweze kuinuka. Nilipomshika bega akaniambia, "Mwanangu, siku hizi sioni watu. Naona kazi tu."

Matroni alitukuta pale. Akanilaumu kwamba nimemwaibisha mgeni. Sijawahi kumjibu mkubwa wangu vile.

"Kupumua tunajua, matroni. Tupeni mtu wa kutupokea zamu."

Akamtazama mama, akarudi ukumbini.

Niliitwa ofisini nikaonywa juu ya adabu. Mama alipewa mapumziko baada ya daktari kusema wazi kwamba anaumwa, na aliporudi aliomba kliniki ya watoto. Mkulima alipona, mkewe alirudi kumwomba mama radhi, hakumkuta. Muuguzi mpya aliletwa wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata! Kumbe alikuwepo wa kuletwa, ila walingoja mtu aanguke kwanza.

Nilikwenda Chiwata kumsalimu mama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama ninakula. Nikasema ninakula. Akanitazama sana, akasema mtu anayekula hajibu haraka namna ile, akaingia ndani kunipakulia ugali.