Kambi Isiyo na Mlinzi

Verlyn Stroik hakuwa na sura ya mtu wa kuvizia. Alikuwa bonge la mtu mpole, fundi wa mashine ya kutengenezea karatasi katika kiwanda cha mjini kwao, Wisconsin, na huko kazini alikuwa akimpisha njia hata paka wa stoo. Lakini kila Jumamosi mchana, kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, aligeuka mtu mwingine. Mezani hapo yeye ndiye aliyekuwa msimulizi wa mchezo, ule wa hadithi ya kubuni unaochezwa kwa maneno, karatasi na dadu. Wenzake walicheza mashujaa. Yeye alikuwa kila kitu kingine: mvua, mahandaki, na majitu yaliyojificha humo.

Sheria aliyoipenda kuliko zote ni ya kushtukizwa. Adui akikutokea ghafla, dadu inarushwa. Ikija moja au mbili, umeshikwa hujajiandaa, na zamu ya kwanza huna. Huchomoi upanga, hukimbii, hupigi kelele. Unapigwa tu, ukingoja zamu ya pili, kama utaifikia. Na aliyelala bila kuweka mlinzi hata dadu harushiwi.

Kwa hiyo hakuna aliyelala bila kuweka mlinzi. Miaka yote hiyo, kambi ikipigwa tu, Arden Pflug, rafiki yake tangu shule, alidakia huku mdomo umejaa soseji ya kulungu: "Mimi nalinda kwanza, Lois wa pili! Usituletee ujanja wako, bwana!" Na Lois, dada wa mke wa Verlyn, alimalizia: "Na tumefunga kengele kwenye kamba, shemeji. Usije ukajifanya hukusikia."

Majira yale ya baridi kiwanda kilifungwa. Wenye mali walikuja asubuhi moja, wakawakusanya watu bwaloni, wakasoma karatasi moja, wakaondoka kabla kahawa haijapoa. Watu walioujenga mji ule kwa migongo yao walibaki wameduwaa. Hakuna aliyerusha hata kikombe. Aibu ilikuwa ya wenye mali, lakini Verlyn ndiye aliyeibeba. Jumatatu malori yangekuja kuichukua mashine yenyewe, naye alikuwa ameapa kuyazuia langoni. Mashine ikibaki, huenda mnunuzi akapatikana. Ikiondoka, mji umekwisha.

"Sisi watatu tukisimama, wengine watatoka majumbani," aliwaambia Arden na Lois Jumamosi ile, kabla ya mchezo. "Mtakuja?"

"Tutaona," alisema Arden.

"Jumatatu wanasema baridi itakuwa kali, shemeji," alisema Lois.

Wakacheza. Mashujaa walivuka kinamasi, wakafika kwenye magofu hoi.

"Tunapiga kambi," alisema Arden.

"Mnapiga kambi," Verlyn alirudia polepole. "Halafu?"

"Halafu tunalala."

"Nyote?"

"Watu wamechoka, Verlyn. Wanalala."

Alimtazama Lois. Lois alikuwa akikwangua jibini iliyogandia kwenye sahani. Msimulizi mwenye huruma angeuliza nani analinda, au angeuacha usiku upite. Lakini moyoni Verlyn aliomba wamtukane: wapige meza, wamwite mwizi, wadai walishasema nani analinda. Mtu anayeigombania kambi ya karatasi angekuja langoni.

"Majitu yanatoka gizani," alisema. "Hakuna aliye macho. Zamu hii hamna."

Alirusha dadu, akazisoma kwa sauti. Shujaa wa Arden, aliyedumu kuliko ndoa ya Arden, akafia usingizini. Wa Lois akafuata.

"Basi ndiyo hivyo," alisema Arden, akavuta koti lake.

"Hubishi?"

"Nibishe nini? Si tulilala." Akafunga zipu hadi kidevuni. "Verlyn, wamenipa kazi ya kufungua bolti. Za mashine. Ni ya wiki chache tu. Nina watoto, bwana."

"Lois, ulikuwa unajua?"

"Kila mtu anajua, shemeji. Wewe tu ndiye tuliyeshindwa kukuambia."

Walipanda ngazi, wakamwacha Verlyn mezani na dadu zake.

Jumatatu alisimama langoni peke yake, theluji imemfika magotini. Lori la kwanza lilikuja taratibu. Kando ya dereva alikaa Arden, sanduku la spana mapajani, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Verlyn alikuwa amekusudia kusimama katikati ya njia. Miguu yake ikasogea pembeni, ikaliachia lori njia.

Alijiambia atalizuia la pili. La pili lilipofika bado alikuwa pembeni, mikono mfukoni.