Mkwaruzo wa Chinongwe

Nilitoka Mbagala kwa sababu ya simu ya mama. Kwa misimu kadhaa alikuwa anaahidi kwenda Mbekenyera kumwona dada yake, na kila msimu hakukosa udhuru: mara ufuta haujakatwa, mara mikorosho inapuliziwa dawa, mara mbuzi anakaribia kuzaa. Safari hii akaniambia waziwazi, "Salima, sauti ya mama yako mkubwa imechoka. Njoo na pikipiki yako unipeleke. Kwenye hivyo vibasi mimi sipandi." Sikungoja aseme mara ya pili.

Pikipiki yangu ni ya safari ndefu, siyo ya kugombania abiria stendi. Ina masanduku matatu ya alumini, mawili ubavuni na moja nyuma ya kiti, ambalo abiria huliegemea. Niliyapiga rangi nyeupe mwenyewe, nikayang'arisha kama sahani za sikukuu. Nayaeleza haya ili mjue kilichoniuma.

Siku ya kwanza nililala Lindi. Asubuhi yake nikashika njia ya Nanganga, na mchana nikaipita Ruangwa mjini. Mashambani ufuta uliokatwa ulikuwa umesimamishwa kwa mafungu ukauke, na barabarani kila aliyekuwa na tairi mbili alikuwa amebeba gunia.

Chinongwe nilisimama kunywa chai. Pikipiki niliiegesha kwenye kivuli cha duka, imetulia, injini imezimwa. Akaja kijana wa bodaboda na magunia ya ufuta, akataka kupenya kati yangu na ukuta. Chuma cha keria yake kikalikwaruza sanduku la kulia kutoka mwanzo hadi mwisho, kikamalizia kwa kulibonyeza.

"Sista, nisamehe, mzigo umenivuta," alisema, jasho linamtoka.

Nililikagua. Kufuli linafunga, kifuniko kimekaa vizuri, vyuma vya kushikilia havijapinda. Ilikuwa ni rangi tu na kibonyeo. Nilimsamehe, ingawa moyo ulikuwa unawaka. Lakini sijamaliza hata chai yangu, mama muuza maandazi wa upande wa pili akapaza sauti, "Pole, dada! Umeangukia wapi?"

"Sijaanguka. Nilikuwa nakunywa chai."

"Ee, pole sana. Mshukuru Mungu uko hai."

Kuanzia hapo sikupata amani. Kila niliposimama ni pole. Nachingwea mjini, kituo cha mafuta, kijana wa pampu alilitazama lile sanduku, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Pikipiki kubwa hizi siyo za wanawake, dada." Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na mwanaume ambaye taa yake ya mbele imefungwa kwa mpira wa baiskeli na hana kioo hata kimoja. Huyo hakuambiwa pole na mtu! Yeye kwake ni barabara mbovu, mimi kwangu ni ajali.

Nilipofika Nambambo jioni, nilikuta majirani wamekaa mkekani uani kwetu kana kwamba kuna msiba. Kaka yangu Issa alisimama mlangoni amekunja mikono. Mtu wa Chinongwe anayemfahamu alikuwa ameshampigia simu, na hadi habari inafika Nambambo nilikuwa nimeviringika mpaka mtaroni. Mama alikuwa ameshachemsha maji, ameshatia chumvi, na kitambaa kiko begani.

"Vua viatu," alisema.

"Mama, shikamoo. Sijaanguka."

"Marahaba. Vua viatu."

Nikakandwa. Mwanamke mzima, nimeendesha kutoka Dar es Salaam bila hata kuteleza, nimelazwa mkekani mbele ya majirani. Mama alikaa kwenye kigoda, akainama, akanikanda mguu wa kulia, upande ule ule wenye mkwaruzo, kuanzia nyonga hadi kifundo. Maji yalikuwa ya moto kupita kiasi. Nililalamika wee, hakuna aliyesikiliza.

"Mama haendi popote," Issa alisema. "Pikipiki imeshaanguka."

"Haijaanguka! Ilikuwa imeegeshwa!"

"Kwa hiyo sanduku limejikuna lenyewe?"

Majirani wakacheka. Nilitaka kulia kwa hasira. Safari yote ile, na dada mtu anasubiri kule Mbekenyera, inavunjwa na rangi iliyobanduka!

Mama alikamua kitambaa taratibu. "Issa, nani kamkanda huyu?"

"Wewe, mama."

"Mtu aliyeanguka ukimgusa pabaya anaruka. Nimemkanda mguu mzima. Kelele amepiga, lakini kuruka hajaruka. Kesho naenda kwa dada yangu."

Issa aliikunjua mikono. Mwishowe akasema, "Basi mwende polepole," ili na yeye aonekane ameamua kitu.

Asubuhi mama alitoka amevaa kanga mpya. Akaniambia niisogeze pikipiki hadi ukingoni mwa baraza. Nilidhani anataka majirani wamwone vizuri. Alisimama pale juu, akakaa upande upande kama anavyokaa kitini, akaegemea sanduku la nyuma. Korosho za kumpelekea mama mkubwa tulizitia ndani ya lile lenye mkwaruzo.

Njiani mama alikuwa na raha kuliko nilivyowahi kumwona. Kila tulipopunguza mwendo alisalimia watu, na waliotupa pole aliwajibu kwa furaha, "Tumeshapoa!" Nilikasirika upya. Tumepoa nini, wakati hatukuungua?

Mbekenyera tulifika adhuhuri. Mama mkubwa alitoka, wakakumbatiana kwa muda mrefu. Kisha jicho lake likaangukia sanduku.

"Jamani, ajali!" Akaagiza maji ya moto.

"Dada, hatukuanguka," mama alisema.

Nani amsikilize? Alikalishwa kwenye kiti, kanga ikapandishwa. Nakiri nilifurahi. Nikachukua kikombe changu cha chai, nikakaa nitazame naye aonje.

Mama mkubwa alipogusa goti la kushoto, mama aliruka. Aliruka kabisa, akashika ukuta, macho yakajaa machozi. Goti lilikuwa limevimba, lina joto.

"Hili tangu lini?" niliuliza.

Mama alitazama chini. "Tangu mwaka juzi. Ningesema, Issa asingeniacha nitoke hata uani."

Hapo nikakumbuka kigoda, baraza, ngazi za mabasi zilizo juu, na yule mbuzi anayekaribia kuzaa kila msimu. Hasira zangu zote za barabarani zikageuka, zikatuelekea mimi na kaka yangu. Jioni nzima ile tulibishania bati la sanduku.

Kesho yake nilimpeleka hospitali Ruangwa. Wakampa dawa na kumwambia arudi tena, naye akaamua kubaki kwa dada yake mpaka amalize matibabu. Nilimpigia Issa simu.

"Mmeanguka?" ndilo swali lake la kwanza.

"Hatujaanguka. Goti la mama limevimba tangu mwaka juzi."

Akaniuliza ni goti lipi.

Nimerudi Mbagala. Fundi alitaka kulipiga sanduku rangi, nikamwambia aliache, linafunga na halivuji. Watu bado wananipa pole ya ajali, na bado nawajibu kwa ukali kwamba nilikuwa nakunywa chai. Mama sasa yuko Nambambo. Nikipiga simu anasema hajambo kabisa, na kwamba mbuzi hawajambo pia. Namwambia ampe Issa simu, halafu namwambia Issa aliguse lile goti, nisikie kama mama ataruka.