Siku Mama Alipojibu kwa Kinywa Chake

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi niliporudisha bakuli la watu likiwa tupu. Mwanangu, kama umezaliwa pwani hii ya kusini, huhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Lakini wengi wenu mmekulia mjini, basi nitaeleza. Kwetu, jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Utatia ndimu mbili, utatia makopa ya muhogo, na ukikosa kabisa utatia hata chumvi ya kiganja. Kukirudisha kitupu, kimeoshwa na kufudikizwa, ni kusema: mlango huu usiugonge tena. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa na maana gani. Nami sikufanya kwa kupitiwa. Nilikusudia, na niliyemkosea ni mama yangu mzazi.

Ilikuwa miaka ile bandari ya Mtwara ikijengwa. Baba alikuwa na duka dogo la nguo Mikindani. Alikuwa ameishi na mama yangu, Mwanahawa binti Salumu, miaka ishirini na minne. Kisha akaoa mke mwingine, na haukupita mwaka akamtuma kaka yake alete talaka ya mama. Sitamsema vibaya baba. Ametangulia mbele ya haki, na mtoto si kadhi wa wazazi wake. Nitasema tu nilichokiona. Mama alikuwa anapeta mchele habari ilipofika. Alisikiliza, akamaliza kupeta, akaupika, tukala, akaosha vyombo vyote. Ndipo akafunga mzigo wake.

Tulikwenda Msimbati, kwa Bibi Somoe, mdogo wake marehemu bibi yangu mzaa mama. Mimi, Hadija, nilikuwa mtoto wa mwisho, umri wangu kama miaka kumi na saba, nikamfuata. Mama alikaa eda yake pale. Eda ikaisha, lakini yeye akaendelea kukaa. Kutwa nzima alikaa kwenye mkeka, uso ukutani, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa juu ya udongo ule. Alikuwa amefika arobaini, na alijiona amekwisha.

Bibi Somoe alimvumilia kwa muda. Asubuhi moja akaja amejifunga kanga kiunoni, na mkononi ana kipande cha kifuu.

"Mwanahawa," akasema, "eda yako iliisha tangu kabla ya mfungo. Unangoja nini hapo? Unangoja ukuta uje kukuposa?"

Mama hakucheka, lakini alisimama. Wakaenda nyuma ya mikoko, kwenye uwanda ambao maji ya bahari hufika siku za bamvua tu, yanapojaa kupita kawaida, na yakiondoka huacha udongo umefanya ukoko mweupe. Wanawake wa pale hukwangua udongo ule, huutia kwenye chujio, huumwagia maji, na yale yanayodondoka chini huyachemsha mpaka ibaki chumvi. Ukiielezea ni kazi rahisi. Ukiifanya ni nyingine. Moto ukizidi, chungu kinapasuka na kazi ya siku mbili inamwagika majivuni. Moto ukipungua, unapata uji wa chumvi usiokauka. Siku ya kwanza mama alipasua vyungu viwili. Alirudi nyumbani ana majivu mpaka kwenye nyusi, nami nikadhani sasa atalia. Akasema, "Kesho nitapanga kuni upande mmoja tu, nione." Mwanangu, hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu talaka kumsikia mama akitaja kesho.

Ule msimu haukwisha kabla hajaijua kazi. Msimu wa pili hata wanawake wa Mtawanya walikuwa wakiuliza, "Hii ni ya Binti Salumu?" kabla hawajanunua. Mgongo wake ulinyooka. Viganja vyake viliota sugu, na alikuwa akiziangalia sugu zile kama msichana anavyoangalia hina. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi niliuona uhunzi ule kwa macho yangu.

Sasa niseme habari za Fundi Bakari. Huyu alikuwa mchoma chokaa, mgane wa kama miaka hamsini, mkewe amefariki zamani. Tanuu lake lilikuwa kwenye njia ya kwenda mjini, lakini alikuja kwetu mara kwa mara kutafuta kuni na mawe ya matumbawe, na hufikia kwa dada yake, Bi Fatu, aliyeolewa pale kijijini. Siku moja alipita penye moto wa mama akasimama.

"Hodi ya kazini, Binti Salumu."

"Karibu, Fundi. Mwenyeji wa hapa ni moshi."

Akainama, akatazama kuni. "Mimi nimechoma chokaa miaka ishirini. Nani kakufundisha kupanga moto hivi?"

"Vyungu nilivyopasua," mama akamjibu.

Fundi akacheka, mama naye akacheka. Kicheko chenyewe kilinishtua, maana nilikuwa nimekisahau. Toka siku hiyo kila apitapo huketi juu ya gogo, kwa heshima, mbele ya watu, nao hubishana. Fundi anasema hakuna kuni kama mkandaa. Mama anasema mkandaa una hasira, utamchomea chungu chake mwishoni. Hawakuwahi kukubaliana, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumaliza ubishi huo.

Mimi sikufurahi. Nataka nikueleze kwa nini, maana kijana huwa na sababu yake, hata ikiwa mbaya. Wakati uleule ilikuwa imeletwa posa yangu mimi, kutoka kwa familia moja ya Chuno. Nilikuwa naogopa wakwe hawajawa wakwe. Na kisimani wanawake walinikalia vikao. Mmoja, mtani wetu wa Kimakua, aliniuliza ndoo ikiwa bado kichwani, "Ati Hadija, kwenu mwaka huu mnaposwa jozi? Mama na mwana, tuwashonee sare?" Mwingine akadakia, "Mwacheni mama wa watu. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno!" Wakacheka hadi maji yakamwagika. Mama yangu, ganda la muwa, na Fundi sisimizi wa kuliokota! Badala ya kuwakasirikia waliosema, nikamkasirikia yeye aliyesemwa. Hivyo ndivyo aibu inavyofanya kazi, mwanangu. Haipigi palipo na kosa, hupiga palipo karibu.

Siku hiyohiyo alasiri akaja Bi Fatu na bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, limefunikwa kawa. Mama alikuwa bado kwenye chumvi. "Mpe mama yako," akasema, "umwambie imetoka kwetu, kwangu na kwa kaka yangu." Nilielewa. Hiyo haikuwa posa bado, ilikuwa ni kupapasa mlango, kujua kama ukisukumwa utafunguka. Ming'oko niliila yote mwenyewe nyuma ya nyumba. Kesho yake asubuhi nikalirudisha bakuli, limeng'aa, tupu.

Bi Fatu alitazama ndani ya bakuli, kisha akanitazama mimi. "Mama yako ndiye aliyekutuma?"

"Ndiye."

"Haya. Alhamdulillahi kwa yote." Akaingia ndani.

Fundi Bakari hakupita tena. Mama hakuuliza kwa mtu. Mwanamke wa heshima angemuuliza nani? Aliendelea kwenda uwandani, lakini chumvi ikaanza kutoka na rangi ya kuungua. Jioni akawa anakaa mkekani, na nikaona mwili wake unageuka kidogo kidogo kuelekea ukutani. Ilinichoma, lakini nilijifariji kuwa yatapita. Kisha zikaja habari kwamba Fundi anahamia Lindi, na kwamba mwezi ukiandama hatakuwepo.

Aliyenifumbua macho ni Bibi Somoe. Alikuwa amekutana na Bi Fatu msibani, wakatiana maneno, wakayamaliza, ukweli ukajulikana. Alinikuta natwanga.

"Weka mchi, Hadija. Ile ming'oko ilikuwa na chumvi ya kutosha?"

Nikaanza kulia, nikasema, "Bibi, watu wanatucheka."

"Watu gani? Hao watu walikuja kumfuta mama yako machozi alipoachwa?"

"Hapana."

"Walikwangua udongo pamoja naye?"

"Hapana, Bibi."

"Basi waache waanike meno, jua lipo." Akaketi kando ya kinu, akapunguza sauti. "Sikiliza, mjukuu wangu. Eda ya mwanamke ni miezi mitatu. Aliyeipanga anatujua kuliko tunavyojijua. Wewe umempangia mama yako eda isiyokwisha, ili wewe upate kuolewa bila kuchekwa. Inuka ukamwambie. Mimi sitakusemea."

Nilimkuta mama penye moto. Nilimweleza yote, hata lile la kula ming'oko peke yangu. Nilikuwa nimeandaa shavu langu kwa kofi. Mama alikaa chini taratibu.

"Siku ishirini na mbili," akasema. "Nilidhani yeye ndiye aliyenitazama vizuri akaghairi."

Nikaona kwamba alikuwa amezihesabu moja moja. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali anipige. Akachochea moto, kisha akasema, "Nenda kwake kwa miguu yako. Usimwambie nimekutuma. Mwambie ulilofanya wewe, basi. Langu mimi, akitaka kulijua, aje aliulize. Nitamjibu mwenyewe."

Nilitembea asubuhi nzima hadi kwenye tanuu, Bibi Somoe akinisindikiza kimya nyuma yangu kama askari. Fundi alikuwa anafunga vikapu vyake vya safari. Nilimwamkia, nikasema kosa langu nikiwa nimeinamisha uso. Aliendelea kukaza kamba ya kikapu. Nilidhani atanifukuza, na ingekuwa haki yake. Kumbe alikuwa na swali moja tu.

"Bado anapika chumvi?"

"Anapika, Fundi. Lakini inaungua."

Akautazama mlima wa mawe yake. "Hata chokaa yangu," akasema, "imetoka mbichi mara mbili." Akaanza kufungua vikapu.

Posa ililetwa kwa mjomba Athumani, kaka yake mama na walii wake, ikakubaliwa. Ila, mwanangu, moyo wa habari hii ni siku ya nikaha. Kwetu msichana anapoolewa mara ya kwanza, mwalimu na mashahidi huja mlangoni mwa chumba wakamuuliza kama ameridhia, naye hunyamaza kwa haya, na kunyamaza kwake ni idhini. Mama alipoozwa kwa baba alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliniambia yeye mwenyewe, tukimvisha, kwamba siku ile hakusema neno. Kungwi wake alikohoa kwa niaba yake, wakaenda zao kufunga ndoa. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa hawezi kukoholewa. Ni lazima aseme kwa kinywa chake.

Mwalimu alisimama nje ya pazia. "Mwanahawa binti Salumu, umeridhia kuolewa na Bakari bin Hamisi?"

Shangazi mmoja akamnong'oneza mama, "Sema polepole, wanaume wapo." Mama akanishika mkono. Sugu za kiganja chake nilizisikia kwenye vidole vyangu. Akainua uso.

"Nimemridhia," akasema, na sauti yake ilitoka chumbani, ikapita ukumbini, ikafika barazani kwa watu. "Mimi mwenyewe nimemridhia. Niozesheni."

Kisha yule mtani wetu wa kisimani akapiga kelele kutoka uani, "Tumesikia mpaka ng'ambo ya Ruvuma!" Vigelegele vikalipuka, na yeye ndiye aliyevipiga kuliko wote. Na wale wakwe zangu wa Chuno niliowaogopa? Walialikwa, wakaja, wakala wali, wakaomba waongezewe. Hawakusema lolote. Mimi nilikuwa nimetaka kuuza furaha ya mama yangu kwa ajili ya maneno ambayo hayakuwa hata vinywani mwa wakwe hao.

Niliolewa miezi mitatu baadaye, na nimeishi sana. Nimeona watu mashujaa wa namna nyingi. Bado sijaona aliyenishangaza kama mama yangu siku ile, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, akilijibu swali ambalo maishani mwake lilikuwa limejibiwa na watu wengine.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kama mama yako au baba yako ameachika, na moyo wake umeanza kuinuka, usikae mlangoni kumhesabia umri. Mzazi si kisima chako peke yako. Na kama ni wewe uliyeachwa, ukafika arobaini ukijiona umekwisha, nakuomba uangalie mpangilio wa mambo. Fundi Bakari hakumfufua mama. Alimkuta amekwisha simama, ana moto wake, ana jina lake, ana jambo la kubishania. Tafuta kwanza kazi ya kukufanya useme "kesho". Pasua vyungu vyako viwili, usione haya. Mapenzi yakija, yatakukuta nyumbani. Yasipokuja, bado utakuwa nyumbani: Bibi Somoe naye aliachwa kwenye umri uleule, hakuolewa tena, na sijasikia mtu aliyemwona pungufu. Na siku utakapoulizwa unataka nini, usikubali mtu akohoe badala yako.

Mwenyezi Mungu akupe riziki inayotoka mikononi mwako, akupe mwenzi ambaye ukimkosoa anacheka, na akupe wazee wa kukukaripia ungali na muda wa kutengeneza. Akujaalie asubuhi nyingi. Amina.