Ua Chini ya Bakuli

Miaka ya themanini, kwetu Asembo Bay, tulikunywa maji ya ziwa. Mama aliyachuja kwa leso, akayaacha yatulie, kisha akayamimina kwenye bakuli jeupe lililochorwa ua jekundu ndani, chini kabisa. Ua likionekana vizuri, tunakunywa. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chake, na hakuna aliyewahi kumpa kingine.

Kipindupindu kilimchukua kitinda mimba wetu. Tulipokwisha kumzika ndipo bwana afya alipofika, viatu vinang'aa, kutuambia kwamba hata maji maangavu huua, tuyachemshe. Alikuwa wapi siku zote hizo?

Mama hakubishana naye. Alijaza bakuli, akamshikia mbele ya macho.

"Bwana, angalia mwenyewe," alisema. "Ua si linaonekana?"