Saa ya Jioni Niliyoikubali

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipovaa suti mpya kwenda kupanda ndege kwa mara ya kwanza. Mama yangu alikuwa amelazwa Nairobi, na saa kumi jioni angeingizwa chumba cha upasuaji. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Alikuwa ameomba jambo moja tu: anione kabla ya kuingia.

Watu wa nyumbani walitoka Luanda Kotieno kunisindikiza. Walijipanga nje ya ua wa uwanja wa ndege wa Kisumu, shangazi zangu mbele, wakisubiri kuona ndege yangu ikiruka.

Ndani, dada wa kaunta alitutangazia kwamba ndege yetu ya saa mbili asubuhi imesogezwa hadi saa kumi na mbili jioni. Akawa anamwuliza kila abiria kama anakubali. Mbele yangu alikuwa mama mmoja muuza samaki, ambaye nilikuwa nimemweleza habari za mama yangu tukiwa kwenye foleni. Hakupandisha sauti.

"Mimi nilinunua ndege ya asubuhi," alisema. "Hii ya jioni ni yenu. Nirudishie nauli yangu niende kwa barabara."

Akaandikiwa barua ya kurudishiwa nauli yote. Kisha akanigeukia.

"Bwana, twende kituo cha Mamboleo tutafute gari. Saa tisa tutakuwa Nairobi. Ama hiyo suti haipandi gari?"

Nikacheka, nikatazama nje. Ningewaambiaje shangazi kwamba msafiri wa ndege amerudi kutafuta gari? Nikamwambia dada wa kaunta kwamba nakubali.

Nilifika hospitali upasuaji umekwisha. Muuguzi alisema mama aliuliza mara tatu kama nimefika. Alipona, Mungu ni mwema, akaishi miaka mingi. Lakini alipozinduka aliniuliza, "Ulikuwa wapi?"

Siku hizi habari ya ndege kusogezwa huja kwa simu, pamoja na kitufe cha kukubali, na kidole ni chepesi. Usikibonyeze kwanza. Wakibadilisha saa hadi safari isikufae tena, una haki ya kuikataa na kudai nauli yako; ukishakubali, kuidai ni vigumu. Uliza kwa adabu, upewe jibu kwa maandishi, utunze ule ujumbe. Na wanaokusindikiza, waambie ukweli. Shangazi zangu, nilikuja kujua baadaye, wangenisukuma wenyewe ndani ya gari.

Mungu akufikishe salama, mwanangu, na akufikishe mapema, anayekungoja akuone kwa macho yake.