Msalaba wa Mkaa

Vitabu vya padri vilinuka ukungu na moshi wa kiko. Hata leo nikipita mahali penye karatasi zilizopigwa unyevu, naharakisha hatua kama mtoto aliyesikia kiboko kinavutwa kutoka darini. Baba yangu alikuwa mpishi wa padri huyo, mtu wa Ayalandi, katika misheni ndogo karibu na Nyamuswa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu ikawa kupeleka mayai. Shule nimeishia darasa la nne, kwa hiyo msinitegemee niwape jina la mwandishi wa vitabu vile. Ninachojua ni kwamba alikuwa mwanahistoria mmoja wa kwao, na padri alimsifu kwamba anaandika siasa za nchi yao kwa lugha ambayo hata mkulima angeelewa. Padri akishakula, alifungua kurasa na kumweleza Baba kwa Kiswahili. Baba akirudi nyumbani jua likiwa bado juu, alitusimulia sisi na majirani huku tukimenya muhogo.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na sabuni, chumvi na viberiti vilikuwa vimekwenda navyo. Moto tuliombana. Mtu alikuja na kigae chake, akapewa kaa lililofunikwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, akaenda. Basi Baba alisimulia jinsi watu wa Ayalandi walivyokufa njaa huku nafaka yao ikipita mbele ya macho yao kwenda bandarini, askari wakiilinda. Akasimulia juu ya mtu aliyetengwa na kijiji kizima kwa sababu ya mashamba. Hakuna wa kumvunia, hakuna wa kumuuzia mkate, wala wa kumsalimu. Majirani walicheka sana. Mzee Wambura, rafiki wa Baba, akasema, "Kumbe Wazungu nao wananyimanaga moto kama sisi!" Kuni zilizo juu ya uchaga huzicheka zilizo motoni.

Siku moja padri alinionyesha picha kitabuni. Wanaume wamekaa kwenye viti, wamevaa makoti mazito, na baadhi yao alikuwa amewachorea msalaba usoni kwa penseli. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Hawa walipigania uhuru pamoja, wakala sahani moja. Halafu wakagombana juu ya mkataba. Wenye msalaba ndio ninaowaombea." Hakuniambia kwamba ndio waliouawa na wenzao. Pengine aliona mimi mdogo. Mimi nikachukua lile neno la kuombea, nikaondoka nalo.

Nyumbani nasi tulikuwa na picha yetu, imebandikwa ukutani kwa uji wa muhogo. Ilikuwa ya kamati ya ushirika, wanaume watano mbele ya ghala la pamba, Baba na Mzee Wambura bega kwa bega. Mwaka ule mvua ilikataa, na ghala likajazwa mahindi ya njano ya msaada. Yalifungiwa, barua ya kuyagawa ikangojwa kutoka wilayani. Sisi watoto tulikuwa tunanusa kwenye ufa wa mlango. Kamati ikapasuka. Wambura alisema ghala lifunguliwe. Baba, mtu wa utaratibu, alisema barua ingojwe. Walikuja kugombana kwetu mchana kweupe.

"Utazika watoto wako kwa utaratibu wako," Wambura akamwambia.

"Na wewe utazikwa kwa kiburi chako," Baba akajibu.

Wambura aliondoka bila kunipapasa kichwa, naye hakuwahi kuondoka hivyo kabla ya hapo. Nilimpenda mzee yule. Nikachukua mkaa, nikapanda kwenye kinu, nikamchorea msalaba usoni ili Mungu amlinde.

Kesho yake alivunja kufuli mbele ya watu wote, akagawa mahindi kwa debe. Keshokutwa yake lori la polisi likaja, wakamchukua kwenda Musoma. Siku ya nane alirudishwa akiwa maiti. Walisema ni kuhara. Baada ya mazishi, mjane wake, Mama Nyabise, alikuja na kigae kuomba moto, Mama akampa kaa. Akainua macho ukutani. Akautazama msalaba usoni pa mumewe. Kisha akalimwaga kaa lile kizingitini kwetu, akatoka.

Baba aliporudi niliungama. Hakunipiga. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akaufuta msalaba, uso wa Wambura ukatokea safi kabisa. Akasema, "Mwanangu, funga mdomo. Mtoto akishaitwa mchawi, hata akizeeka jina linamtangulia."

Wazee walimwita Baba uwanjani pa ghala. Wakamuuliza, "Nani aliweka alama ile?" Akajibu, "Mimi." Mmoja akamwambia, "Si wewe uliyetufundisha habari za Wazungu? Haya, kula somo lako."

Tangu siku ile hatukupewa moto, wala wetu haukuombwa. Mama alililinda gogo moja kama mgonjwa. Mvua ilipokuja kwa kuchelewa, ikapenya darini ikalizima. Baba alizunguka na kigae nyumba baada ya nyumba, nikimfuata. "Jamani, naomba moto." Watu waliendelea kupepeta. Tulihamia Mugango, ziwani. Baba hakusimulia tena habari za Ayalandi mpaka tukamzika huko.

Siku hizi soko ni huria. Bunda utapata sabuni za kila rangi, na kiberiti hununuliwa kama pipi. Mjukuu wangu ameniambia kwamba wale wa kwenye vitabu wajukuu wao wanakaa bunge moja. Vizuri. Lakini mtu bado anatengwa, ila sasa anatolewa kwenye kundi la simu, na watoto wake wanaona. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Baba alilia kwa ajili yangu miaka yote, kimya. Mimi nimezeeka na jina safi ambalo si langu.

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda mpaka Nyamuswa. Mama Nyabise yupo, macho hayaoni tena. Nilimwambia yote.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Baba yako alijuaga?"

"Alijua."

Akasikiliza kuku wakiingia ndani. Kisha akasema, "Basi tulimnyima moto bure." Akaniagiza nipange kuni, tuchemshe chai. Nikazipanga. Kiberiti kilikuwa juu ya stuli, chini ya kiganja chake. Nikasema maneno yale ya Baba: "Mama, naomba moto."

Kiganja hakikusogea.